Chuku Iliyovaa Sare ya Ukweli

Katika majeshi mengi ya ulimwengu yuko kuruta aliyepata kutumwa bohari akaombe kopo la rangi ya milia. Huenda mbio, hupiga saluti, hutoa ombi lake kwa sauti kamili, na sajenti wa bohari, bila hata kutabasamu, humwambia kwamba rangi hiyo imekwisha jana, kwa hiyo akajaribu kwa mafundi wa magari. Mafundi nao humpeleka jikoni kwa wapishi. Ikifika adhuhuri kambi nzima imekwisha kucheka mpaka mbavu zinauma, naye kuruta angali akitafuta.

Ni utani mkongwe, na mimi siuchoki. Lakini kuruta yule si mjinga. Amefundishwa kwamba neno la sajenti ni la kuaminiwa na kutekelezwa papo hapo, na iko siku mafunzo hayo yatamwokoa roho. Chuku iliyotungwa vizuri huwindia hapo hapo penye imani. Leo basi, ndugu askari, na ninyi ndugu polisi mnaojaza kitabu cha matukio kila kukicha, napenda kuwasimulia chuku chache zilizobuniwa kwa kuchekesha tu, zikatolewa hadharani kana kwamba ni habari za hakika, pamoja na yale yaliyozipata baada ya hapo.

Tarehe 28 Desemba 1917, gazeti la New York Evening Mail lilichapisha makala ya H. L. Mencken, mwandishi hodari wa mji wa Baltimore. Marekani ilikuwa imeingia vitani tangu mwezi wa Aprili mwaka huo. Mencken alikuwa wa ukoo wa Kijerumani, na maoni yake juu ya vita hayakupendwa. Aliona kwamba hawezi kuandika lolote la maana bila kujiletea balaa. Akaamua kuandika juu ya kitu kisichoweza kumuudhi binadamu yeyote, yaani hodhi la kuogea. Kwa masikitiko makubwa aliwalaumu wananchi wenzake kwa kuwa tarehe 20 Desemba ilikuwa imepita hivi hivi, bila hata mtu mmoja kukumbuka kwamba siku hiyo hodhi la kwanza la Marekani lilikuwa limetimiza miaka 75.

Sasa tazameni jinsi fundi wa uongo anavyofanya kazi. Alisema kwamba hodhi hilo lilitengenezwa mwaka 1842 katika mji wa Cincinnati, kwa amri ya tajiri mmoja aitwaye Adam Thompson. Lilikuwa la mti wa mahogani, ndani limepigwa bati la madini ya risasi, na uzito wake ulikuwa ratili 1,750, ambazo ni karibu kilo 800. Habari zilipoenea, ati madaktari wakapinga wakisema kwamba kuoga namna hiyo kunaleta maradhi. Huko Philadelphia likapelekwa shauri la kukataza watu wasioge tangu Novemba mosi hadi Machi 15, likashindwa kwa kura mbili. Huko Boston, mwaka 1845, ikawa kosa la jinai kuoga pasipo shauri la daktari. Jimbo la Virginia likatoza kodi ya dola 30 kwa mwaka kwa kila hodhi. Hatimaye Rais Millard Fillmore, mtu asiyeogopa maji, aliamuru hodhi liwekwe Ikulu mwaka 1851, na tangu hapo raia wote wakapata moyo wa kuoga.

Hayo yote yalitoka kichwani mwa Mencken, tangu mwanzo hadi mwisho. Watu walikuwa wakioga katika mahodhi tangu zama za Warumi, na Ikulu ya Marekani ilikuwa na maji ya bomba tangu miaka ya 1830, Fillmore akiwa bado hajaota kuwa rais. Lakini mimi, ambaye kazi yangu ni kuandika na kusoma taarifa, namvulia kofia kwa zile ratili 1,750. Mwongo wa kawaida angalisema elfu mbili. Na zile kura mbili! Nani angethubutu kulitilia shaka shauri lililoshindwa kwa kura mbili tu? Mtu hujiona kama alikuwako barazani akihesabu mikono. Kila polisi aliyewahi kumhoji shahidi wa kupangwa anafahamu jambo hili: shahidi wa kweli husahau saa, bali shahidi wa kupangwa hukutajia mpaka dakika.

Mencken alidhani wasomaji watacheka, wafungie samaki gazeti, basi. Haikuwa hivyo. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba alianza kuyakuta maneno yake katika maandishi ya watu wenye heshima zao, wakiyanukuu kama historia, wengine wakiyatumia kuthibitisha jinsi madaktari wa kale walivyokuwa wapinzani wa maendeleo. Tarehe 23 Mei 1926 akaandika makala ya kuungama, akasema wazi kwamba habari ile ilikuwa mzaha mtupu. Makala hiyo ilitoka katika magazeti kadha wa kadha, likiwamo la Boston Herald, ambalo liliitilia kichwa cha kuwakejeli Wamarekani kwamba wako tayari kumeza chochote watakachopewa. Majuma matatu baadaye, tarehe 13 Juni, gazeti lilo hilo la Boston Herald likaichapisha tena habari ya hodhi la Cincinnati kama habari ya kweli!

Sisi wa ofisi ya uhusiano hatukushangaa tuliposoma hayo. Habari huondoka kwa gari la moshi. Kanusho hufuata kwa miguu, tena limechelewa kuamka. Hata Rais Harry Truman, aliyetawala Marekani tangu 1945 hadi 1953, na ambaye mwaka 1918 alikuwa kapteni wa mizinga huko Ufaransa, alipenda kuwasimulia wageni wake habari za hodhi la Fillmore. Na mwaka 1952 aliitaja katika hotuba mjini Philadelphia. Huyu ni mtu aliyekuwa akipokea kila asubuhi taarifa za siri za dola kubwa kuliko zote. Kosa halikuwa lake peke yake. Jambo lenyewe lilikuwa tamu, lilikuwa na tarehe, tena halikumdhuru mtu. Nani angepoteza siku nzima kulichunguza?

Wasimulizi wetu wa Kiswahili walilijua hilo zamani, waliposimulia habari za Abunuwasi kuazima sufuria kwa jirani, akairudisha na kisufuria kidogo ndani yake, akisema imezaa. Jirani akapokea mtoto bila swali. Alipoazima mara ya pili akarudi akasema sufuria imekufa, jirani akamshitaki kwa kadhi, na wote tunajua kesi ile ilikwendaje.

Kuna chuku nyingine ambayo askari wa anga wataipenda. Mwezi wa Novemba 1940, wakati ndege za Ujerumani zilipokuwa zikiishambulia Uingereza usiku kwa usiku, rubani Mwingereza aitwaye John Cunningham alianza kuziangusha katika giza nene. Kabla vita havijaisha alikuwa ameangusha ndege 20, na kati ya hizo 19 ziliangushwa usiku. Magazeti yalimwita Macho ya Paka, na wananchi wakaelezwa kwamba siri ya marubani wa usiku ni karoti: wanazila kwa wingi, na macho yao yanapenya giza. Siri yenyewe hasa ilikuwa rada ndogo iliyofungwa ndani ya ndege, ambayo serikali haikutaka itajwe. Kwa bahati, Uingereza ilikuwa na karoti nyingi wakati vyakula vingine vilikuwa vya kugawiwa kwa vipimo, na taa za mitaani zilikuwa zimezimwa. Basi Wizara ya Chakula ikawahimiza watu wale karoti ili waone njia gizani.

Ndani ya chuku hiyo mna chembe ya ukweli, na ndiyo sababu haifi. Mtu aliyekosa vitamini A mwilini hupatwa na upofu wa usiku, na karoti humsaidia. Lakini askari mwenye afya, hata akila gunia zima, hataliona lindo lake vizuri zaidi kuliko mwenzake. Wajerumani walikuwa na rada zao wenyewe na wataalamu wa kuzifahamu. Karoti nadhani ziliwashinda zaidi akina mama wa Uingereza na watoto wao, ambao waliambiwa wamalize sahani. Ningali nasikia wazazi wakisema hivyo hivyo mezani leo, wala hawajui kwamba wanarudia propaganda ya vita vilivyokwisha mwaka 1945.

Tarehe mosi Aprili 1977, Siku ya Wajinga, gazeti la The Guardian la Uingereza lilitoa kurasa saba za kuadhimisha miaka kumi ya uhuru wa nchi iitwayo San Serriffe. Ilikuwa na visiwa viwili, vimekaa kama alama ya nukta na mkato, Upper Caisse na Lower Caisse. Mji mkuu Bodoni. Na mtawala wake alikuwa mwanajeshi, Jenerali Pica. Majina yote hayo yametoka katika kazi ya wapiga chapa, ya herufi na vipimo vyake, na mtu yeyote wa kiwandani angalicheka tangu mstari wa kwanza. Wengine walipiga simu kutwa nzima wakiuliza nauli ya kwenda huko likizo.

Nimesema mtawala alikuwa jenerali. Sisi wanajeshi tulichekwa hapo, na sioni sababu ya kununa. Mwaka huo huo wa 1977 hapa Uganda tulikuwa na Idi Amin, aliyekwisha kufanywa Rais wa Maisha mwaka mmoja kabla, akajiongezea cheo cha Mshindi wa Himaya ya Waingereza. Cheo hicho kilisomwa kwa sauti nzito, kwa maneno kamili, na wasikilizaji walikaza nyuso zao. Jenerali Pica wa kubuni alikuwa na nafuu moja: angalau raia wake waliruhusiwa kumcheka.

Jambo moja katika habari ya San Serriffe nalipenda kuliko mzaha wenyewe. Hapo mwanzo wahariri walikuwa wamepanga kuviweka visiwa vyao karibu na Visiwa vya Kanari. Tarehe 27 Machi, siku chache kabla ya gazeti kutoka, ndege mbili kubwa ziligongana katika uwanja wa Tenerife, ambayo ni mojawapo ya visiwa hivyo, na watu 583 wakapoteza maisha. Wahariri wakaing'oa nchi yao yote mara moja wakaihamishia Bahari ya Hindi, upande wa Shelisheli, ili wasije wakachekesha watu penye msiba.

Nimeiacha ya mwisho chuku ya tambi, kwa sababu ndani yake yumo mtu ninayemheshimu. Jioni ya tarehe mosi Aprili 1957, televisheni ya BBC, katika kipindi chake cha Panorama, ambacho kilikuwa cha mambo mazito ya siasa na dunia, ilionyesha picha za wakulima wa jimbo la Ticino, Uswisi, wakivuna tambi mitini. Wanawake walizichuma ndefu ndefu, wakaziweka katika vikapu, wakazianika juani. Mtangazaji akaeleza kwamba mavuno ni mema kwa kuwa baridi haikuwa kali, na kwamba wadudu waharibifu wa tambi wametoweka. Mpiga picha, Charles de Jaeger, alikuwa amekumbuka maneno ya mwalimu wake aliyezoea kuwaambia wanafunzi kwamba kwa ujinga wao wangeamini hata tambi zinaota mitini. Akapewa pauni mia moja, akaenda kuzitundika. Waingereza wengi wa miaka ile walizijua tambi za kopo tu, zilizokwisha kutiwa sosi.

Lakini picha peke yake zisingalitosha. Sauti iliyosoma maelezo ilikuwa ya Richard Dimbleby. Huyu ndiye aliyepanda ndege ya mabomu mwezi wa Januari 1943 akaenda na wanahewa hadi juu ya Berlin, akarudi kuwaeleza wananchi alichokiona. Ndiye aliyetangaza kutawazwa kwa Malkia mwaka 1953. Na mwezi wa Aprili 1945, majeshi ya Uingereza yalipoingia katika kambi ya mateso ya Belsen na kukuta wafungwa kama 60,000 katika hali ya kufa, na maiti kama 13,000 zimelala juu ya ardhi bila kuzikwa, Dimbleby alikuwa mwandishi wa kwanza kuingia humo na kupeleka taarifa redioni.

Wakubwa wake wa London walipoisikia taarifa hiyo walisita kuitangaza. Waliona kwamba mambo aliyoyasema hayawezekani, wakataka yathibitishwe kwanza na wengine. Hakuna namba ya kura mbili humo, wala ratili 1,750. Mlikuwa na mtu aliyetembea katikati ya maiti na kusema aliyoyaona, na sauti yake ilikuwa ikivunjika. Ilimbidi Dimbleby awaambie kwamba wasipoitoa, hatatangaza tena maisha yake yote. Ndipo ikatolewa.

Miaka 12 baadaye, mtu yule yule, kwa sauti ile ile, akasema tambi zinaota mitini, na simu za BBC zikalia usiku huo, watu wakitaka kujua wapi wanaweza kupata mche wa tambi waupande bustanini. Waliopiga walijibiwa kwa adabu zote: chukua kijiti cha tambi, kisimamishe katika kopo la sosi ya nyanya, kisha uombe heri.