Barabara Iliyoachiwa Waendao kwa Miguu

Katika mji wa Berkeley, jimbo la California huko Marekani, liko lango la Chuo Kikuu liitwalo Sather Gate, ambalo ujenzi wake ulimalizika mwaka 1910. Zamani barabara ya Telegraph Avenue ilifika mpaka penye lango hilo, pamoja na maduka yake na motokaa zake.

Lango hilo ndilo lililokuwa mpaka. Ndani ilikuwa ardhi ya Chuo, ambamo siasa zilikatazwa. Nje ilikuwa barabara ya mji, njia ya watu wote. Basi mtu mwenye neno la siasa alisimama hatua chache nje ya lango akalisema, na wanafunzi wakamsikiliza walipokuwa wakienda masomoni.

Baada ya Vita Kuu ya Pili wanafunzi waliongezeka sana, na Chuo kikahitaji nafasi. Kipande kile cha barabara kikatwaliwa, maduka yakaondoka, na motokaa zikakomeshwa penye njia ya Bancroft Way. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 pakawa na uwanja mpana wa kutembelea, mbele ya jumba la Sproul Hall lililojengwa mwaka 1941. Lawrence Halprin, mchoraji mashuhuri wa bustani, alikuwa mmoja wa walioutengeneza. Pana miti iliyopogolewa, ngazi pana za kukalia, na chemchemi iliyopewa jina la mbwa, Ludwig, aliyependa mno kuoga humo!

Waliochora uwanja huo walifikiria miguu ya wanafunzi. Yaonekana hawakufikiria vinywa vyao. Mpaka wa Chuo ulisogea, na wasemaji wakasogea nao hadi Bancroft Way, penye ukanda wa matofali wenye upana wa futi 26, wakidhani ni ardhi ya mji. Mwezi wa Septemba 1964 wakuu wa Chuo walitangaza kwamba ukanda huo ni wao, na meza za siasa zikapigwa marufuku.

Tarehe 1 Oktoba polisi walimkamata Jack Weinberg uwanjani, penye meza ya CORE, chama kilichopigania haki za Waamerika Weusi, wakamtia katika motokaa yao. Wanafunzi wakaketi chini wakaizunguka. Ikawa motokaa imenaswa katikati ya uwanja ule ule uliofukuza motokaa, isiweze kusogea kwa muda wa saa 32. Wasemaji walipanda juu ya paa lake kuhutubu, lakini kwa adabu walivua viatu kwanza.

Mwezi wa Desemba watu wapatao 800 walikamatwa ndani ya Sproul Hall. Siku chache baadaye, tarehe 8, walimu walipiga kura, 824 kwa 115, kwamba Chuo kisizuie yasemwayo. Hata sasa meza za vyama hupangwa uwanjani hapo, na wanafunzi hupita katikati yake wakielekea Sather Gate.