Intel na AMD: Kasi ya prosesa na hesabu ya umeme wa jua

ANAYENUNUA kompyuta ya mezani huko Leparua, Isiolo, akiwa anategemea umeme wa jua, ana swali ambalo matangazo ya watengenezaji hayalitangulizi: kasi hiyo inayosifiwa italishwa na nini?

Kwa miaka mingi Intel na AMD, kampuni hasimu za Marekani, zilishindania gigahezi. AMD ilitangaza prosesa ya gigahezi 1 Machi 6, 2000. Intel ikajibu siku 2 baadaye. Wanunuzi wakazoea kuamini kwamba tarakimu kubwa ndiyo kompyuta bora. Lakini Oktoba 2004 Intel ilifuta mpango wa kuifikisha Pentium 4 kwenye gigahezi 4. Joto lilikuwa limeishinda. Core 2 Duo ya mwaka wa 2006 ilikuwa na gigahezi chache zaidi, ila ilitenda mengi kwa kila pigo, tena kwa wati 65 badala ya 115.

AMD nayo ilivunja matumaini ya wengi kwa Bulldozer mwaka wa 2011. Ilipoahidi kwamba Ryzen ingeongeza kazi ya kila pigo kwa asilimia 40, wengi walitilia shaka. Mwaka wa 2017 ikaleta asilimia 52, jambo nadra katika biashara hii. Mwaka huohuo Intel, iliyokuwa imeridhika na viini 4 katika kompyuta za kawaida, ilitoa 6.

Ushindani huo umerudisha pia ulafi wa umeme. Core i9-14900K ya 2023 hufikia wati 253. Betri ya volti 12 na saa-ampea 100, ikitumiwa hadi nusu, hutoa wati-saa 600 hivi: prosesa hiyo ikifanya kazi kwa nguvu zote ingezimaliza kwa saa 2 na ushei. Core i5-8500T ya 2018, iliyokadiriwa wati 35, ingechukua saa 17, kabla ya kuhesabu skrini.

Prosesa hiyo ya pili hupatikana katika kompyuta ndogo zilizokwisha kutumika, na inakubaliwa na Windows 11. Hilo si dogo, kwani Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 bila malipo Oktoba 14, 2025. Core i7-6700 ya 2015, ingawa jina lake ni kubwa zaidi, haimo katika orodha ya zinazokubaliwa. Mnunuzi asiishie kwenye "i5" au "i7". Asome tarakimu zinazofuata kistari.