Nati ya breki imegoma? Weka nyundo chini kwanza

Umeegesha boda yako Shimanzi, kando ya maghala. Breki ya nyuma inakwaruza tangu asubuhi, na abiria anataka kuvushwa Makupa. Unatoa spana, unaivuta nati ya ekseli kwa nguvu zote. Wapi! Unavuta tena, spana inateleza, ngozi ya kidole inabaki kwenye chuma.

Usishangae, bana. Bandari ya Kilindini iko hapo tu, na upepo wa bahari huja na chumvi. Kutu inayozaliwa huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, kwa hiyo inajibana kwenye meno ya boliti. Pale chuma kinapoingia ndani ya aluminiamu ni balaa zaidi: metali hizo mbili zikilowa maji ya chumvi, aluminiamu ndiyo huliwa, na unga wake mweupe unaziba kila pengo.

Kosa la wengi ni kuongeza bomba refu kwenye spana. Boliti ikikatikia ndani, kazi ya dakika kumi inageuka ya kutoboa kwa drili.

Anza kwa brashi ya waya. Safisha meno yote yanayoonekana. Pulizia mafuta ya kulegeza kutu, kisha uende zako ukanywe chai. Nati sugu iache ilale nayo usiku mzima, na urudie asubuhi. Lakini angalia: tone likiingia kwenye viatu vya breki, viatu hivyo ni vya kutupa. Pulizia kidogo, ukinge kwa kitambaa.

Sasa gonga kichwa cha nati, vigongo vyepesi vingi, si pigo moja la hasira. Mtikisiko ndio unaopasua kutu. Tumia soketi ya pembe sita, maana ile ya pembe kumi na mbili huvuruga kichwa upesi. Ikisogea robo mzunguko, usishangilie: irudishe nyuma, ongeza mafuta, fungua tena. Nenda-rudi, nenda-rudi. Moto wa gesi uache kabisa. Tairi na tangi la petroli viko karibu.

Kabla ya kuchomoa mkono wa breki, weka alama ya rangi ulipokaa, la sivyo utaurudisha vibaya na pedali itakosa nguvu. Na vumbi la ndani ya ngoma usilipulize kwa mdomo. Futa kwa kitambaa chenye maji.

Ukifunga, paka grisi kidogo kwenye ekseli na kwenye kamu inayosukuma viatu. Kamu hii wengi huisahau, na ikishika kutu breki inabana isiachie. Zungusha gurudumu kwa mkono, kanyaga pedali, halafu ijaribu polepole uani kabla hujajichanganya na malori ya makontena.