Nani Amkague Msimamizi wa Ng'ambo?

Agosti 1992 kimbunga Andrew kiliipiga Florida kusini na kubomoa maelfu ya nyumba. Kampuni kadhaa za bima zilifilisika kwa madai ya fidia, na zilizosalia zikahaha kutafuta wa kuzipunguzia mzigo. Mwaka uliofuata wawekezaji walifungua kampuni mpya za bima mtawanyo Bermuda, visiwa vidogo vya Atlantiki. Hivyo fidia ya nyumba ya Miami ikaweza kutegemea mtaji ulioko ng'ambo, chini ya msimamizi asiyepokea amri kutoka Florida.

Bima mtawanyo ni bima ambayo kampuni ya bima yenyewe hujikatia. Ikishaikata, huruhusiwa kuonyesha katika hesabu zake kwamba sehemu ya deni italipwa na mwingine. Na huyo mwingine akishindwa?

Kwa miaka mingi Marekani ilijibu kwa kudai fedha mbele. Kampuni ya kigeni isiyo na leseni huko ilitakiwa kuweka dhamana ya asilimia 100 ya madeni yake kwa wateja wa Kimarekani, katika mfuko wa amana au kwa barua ya benki. Iliyolipa bila kukosa kwa karne nzima na iliyofunguliwa jana zilipimwa kwa mizani moja. Kampuni za Ulaya zililalamika kwamba mitaji yao inafungiwa bure.

Mwaka 2011 chama cha makamishna wa bima wa majimbo, NAIC, kilirekebisha sheria yake ya mfano. Kampuni imara ingeweza kupunguziwa dhamana, hata kufikia sifuri, lakini kwa sharti kwamba nchi yake iwe imekubaliwa kwanza.

Kuikubali nchi si kulinganisha sheria kifungu kwa kifungu. Wakaguzi husoma ripoti za Shirika la Fedha la Kimataifa kuhusu nchi hiyo, kisha huuliza maswali ya vitendo. Je, msimamizi ana wataalamu na meno ya kuzibana kampuni? Atatoa taarifa za siri akiombwa na mwenzake? Kampuni za Marekani hutendewa haki huko? Mahakama za huko hutekeleza hukumu iliyotolewa Marekani? Hili la mwisho lina uzito wa pekee, kwa kuwa hukumu isiyotekelezeka haimlipi mwenye nyumba.

Januari 1, 2015 orodha ilianza kutumika ikiwa na Bermuda, Ufaransa, Ujerumani, Ireland, Japani, Uswisi na Uingereza. Idhini ilikuwa ya miaka 5, kisha tathmini upya.

Umoja wa Ulaya nao una mizani yake. Chini ya sheria ya Solvency II, iliyoanza kazi Januari 2016, mamlaka ya bima ya Ulaya iliyoko Frankfurt hutoa ushauri, na Tume ya Ulaya ndiyo huamua. Bermuda ilikubaliwa, ila si yote: kampuni zinazoanzishwa na mashirika ili kujikatia bima zenyewe ziliachwa nje, kwa kuwa zinasimamiwa kwa masharti mepesi zaidi. Nchi moja, msimamizi mmoja, majibu mawili.

Lakini kufanana kwa sheria hakutoshi. Uingereza ilipomaliza kipindi cha mpito cha kutoka Umoja wa Ulaya, mwishoni mwa 2020, sheria zake za bima zilikuwa karibu zilezile za Ulaya. London ilizitambua nchi za Ulaya. Brussels haikurudisha hisani hiyo, ikitaka kwanza kujua Waingereza wanakusudia kuzibadili sheria zao kwa kiasi gani. Utaalamu ulikuwa umemaliza kazi yake. Kilichobaki kilikuwa siasa.

Siasa hiyohiyo iliwahi pia kufungua mlango. Septemba 2017 Marekani na Umoja wa Ulaya zilitia saini mkataba wa kuondoa dhamana kwa kampuni zinazotimiza masharti, na majimbo ya Marekani yakapewa hadi Septemba 2022 kurekebisha sheria zao. Bermuda, Japani na Uswisi zilipata nafuu kama hiyo kupitia NAIC. Kampuni inayotaka kunufaika sharti iwe na mtaji usiopungua dola milioni 250 na ilipe madai kwa wakati. Ikianza kuchelewesha malipo, au uwezo wake wa kulipa ukishuka chini ya kiwango, kamishna wa jimbo anaweza kuidai dhamana upya, hata kama nchi yake bado imo kwenye orodha.