Mudzi, Mgonjwa na Mchumi wa Afya

Matsangoni iko kwenye barabara ya Kilifi kwenda Malindi, kabla ya kufika Gede. Upande wa mashariki kuna Uyombo na bahari, na kaskazini msitu wa Arabuko-Sokoke hauko mbali. Wenyeji wengi ni Wagiriama, kabila kubwa kuliko yote kati ya yale tisa ya Mijikenda, na riziki yao ni mahindi, minazi, mikorosho, uvuvi, na siku hizi bodaboda na vibarua vya hoteli za Watamu. Mtu anayetaka kujua jinsi watu hawa wanavyougharamia ugonjwa asianzie zahanati. Aanzie kwenye mudzi.

Mudzi ni boma la mzee pamoja na wakeze, wanawe wa kiume, wakaza wanawe na wajukuu. Nyumba ni nyingi, uwanja ni mmoja. Kila mke ana jiko lake, na juu ya jiko ana lutsaga, ghala la mahindi yaliyokaushwa kwa moshi. Kwa hiyo chakula kina mipaka: haya ni mahindi ya mke mkubwa, haya ya mdogo. Minazi na mifugo ni habari nyingine. Hiyo kwa desturi iko mkononi mwa mzee, na mwana mwenye ndevu na watoto wanne bado hukata shauri naye kabla ya kuuza.

Mtoto akishikwa na homa usiku, ngazi za mudzi ndizo zinazoamua mwendo wa matibabu. Mama huanza na senti zake mwenyewe, alizopata kwa kusuka makuti au kuuza mahamri, naye hutuma mtu dukani akanunue vidonge. Mwenye duka anamjua, humwandikia deni daftarini. Homa isipopoa, jambo hupanda kwa mume. Mume akiwa hana, hupanda kwa mzee, na hapo huzungumzwa mbuzi au nazi. Wakati huohuo hawe, nyanya wa mtoto, huenda ameshatoa maoni yake: mtoto akistuka na kukakamaa, wapo wanaosema ni nyuni, na nyuni ana mganga wake. Mganga naye ana sifa ambayo hospitali haina: hukubali kuku leo na salio baada ya mavuno. Daktari akimwona mtoto siku ya tatu huuliza kwa ukali kwa nini amecheleweshwa. Zile siku tatu hazikupotea kwa ujinga. Zilikuwa muda wa kuomba ruhusa na kutafuta fedha.

Mudzi pia una sheria ya nani aombwe na nani hawezi kukataa. Ndugu wa baba mmoja huombwa kwanza, kisha mjomba, kisha wakwe kwa tahadhari, kwa sababu deni la ukweni halisahauliki. Jirani hutoa sukari na unga zaidi ya fedha. Chama cha akina mama hukopesha, ila zamu iheshimiwe. Lakini mizani ya desturi hii ina upande mmoja mzito. Mtu akifa, hanga, yaani matanga, hukusanya watu wa karibu na mbali, mchango huandikwa jina kwa jina, na asiyefika huulizwa. Mtu akiugua miezi sita nyumbani, hakuna daftari. Aibu ya kukosa mazishini ni ya hadharani, na aibu ya kumwacha mgonjwa bila nauli hubaki chini ya paa moja. Ndiyo maana kuna familia zilizowahi kuchangisha kwa ajili ya jeneza fedha ambazo, zingepatikana wiki mbili mapema, zingelipa hospitali.

Mnazi ndio benki ya zamani. Kwa Wagiriama mti na ardhi vinaweza kuwa na wenyewe tofauti, na mti huweza kuuzwa au kuwekwa rehani mbele ya wazee mashahidi, tembo la mnazi likinywewa ili kumbukumbu ikae. Mwanaanthropolojia David Parkin aliyaandika hayo katika kitabu chake cha 1972 kuhusu Wagiriama wa ndani zaidi, upande wa Kaloleni. Alionyesha jinsi watu wenye shida ya mahari na mazishi walivyokuwa wakiachia miti na mashamba kwa wachache wenye fedha, na jinsi ushahidi wa wazee ulivyokuwa nguzo ya mali. Hakujiita mchumi wa afya, lakini swali lake ni lile lile linaloisumbua taaluma hiyo hadi leo: shida ikibisha hodi, nani huuza nini, kwa nani, na baadaye anabaki na nini?

Taaluma yenyewe ilifika Kilifi kwa mlango wa utabibu. Mwaka 1989 ulianzishwa mjini Kilifi mradi wa utafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na Wellcome Trust ya Uingereza, kando ya hospitali ya serikali. Kati ya 1993 na 1995 ulifanyika hapa Kilifi utafiti wa vyandarua vyenye dawa, na matokeo ya 1996 yalionyesha vifo vya watoto vilipungua kwa takriban theluthi moja. Mwaka 2000 ukaanza mfumo wa kuhesabu watu katika eneo la kilomita za mraba 891, ikiwemo Matsangoni. Mara kadhaa kwa mwaka mtu huja nyumbani kuuliza nani amezaliwa, nani amefariki, nani amehamia. Watoto waliozaliwa wakati huo sasa ni watu wazima, na hawajawahi kuishi bila kuhesabiwa. Kupokea mtafiti kumekuwa sehemu ya desturi za mudzi, kama kupokea mgeni mwingine yeyote.

Na desturi hiyo ina adabu zake. Mgeni hapiti moja kwa moja jikoni kwa mama. Hupiga hodi, huuliza mwenye mudzi, hungoja kiti chini ya mwembe, huamkiana kwa zamu na kila mtu, na akipewa dafu hulinywa. Ndipo hueleza kilichomleta. Swali la mapato haliulizwi mbele ya wakwe wala mbele ya watoto. Mume hatamtajia mgeni bei ya mbuzi aliyemuuza bila mzee kujua, na mke hatataja akiba yake mume akisikia. Dodoso lililoandikwa mbali likiuliza tu, "Nyumba hii hutumia shilingi ngapi kwa mwezi?" hupata jibu la heshima, si jibu la kweli. Kijana wa Matsangoni aliyeajiriwa kuuliza maswali hayo anajua. Atasema, "Mayo, nikusaidie kumenya mihogo huku tukizungumza," na baada ya saa moja daftari lake litakuwa na deni la dukani, la chama na la mganga.

Watafiti hawakupokelewa kwa imani tu. Damu iliyochukuliwa ilizua uvumi wa mumiani, na wengine walinong'ona kuhusu ushetani. Mradi ulilazimika kujifunza kujieleza, na katikati ya miaka ya 2000 vijiji vilianza kuwa na wawakilishi wao wa kuzungumza na watafiti. Mzee anayeuliza, "Mmekuja tena, yale ya mwaka jana mlituletea nini?" anadai kile ambacho desturi hudai kwa kila aliyepokea: arudishe.

Ndani ya mazingira hayo kulikua kizazi cha wachumi wa afya wa Kenya. Jane Chuma, aliyesoma hadi shahada ya uzamivu Cape Town, alifuatilia familia za Kilifi kwa mwaka mzima, masika na kiangazi, akizihesabu gharama za malaria. Katika makala ya 2006, yeye na wenzake waliripoti kwamba gharama za moja kwa moja zilikula wastani wa asilimia 7.1 ya matumizi ya familia wakati wa mvua na 5.9 wakati wa kiangazi. Lakini jambo zito lilikuwa jingine. Kilichoamua kama familia itaanguka hakikuwa ukubwa wa gharama bali hali iliyokuwa nayo ugonjwa ulipoingia. Aliyekuwa na ndugu na mali alisimama tena. Aliyekwisha kuumizwa na shida zilizotangulia alizidi kuzama. Mudzi unalijua hilo tangu kale, ila sasa lilikuwa limeandikwa kwa lugha ambayo wizara inaisoma. Chuma baadaye alikwenda kufanya kazi Benki ya Dunia.

Njia ya kazi hii ni ndefu. Wengine huanza kama wahoji wa nyanjani, wengine hutoka fani tofauti kabisa. Edwine Barasa, aliyewahi kuongoza kitengo cha utafiti wa uchumi wa afya cha mradi wa KEMRI na Wellcome Trust jijini Nairobi, alianza kama mfamasia. Hufuata shahada ya pili, mlezi wa kitaaluma, miaka ya uzamivu, makala zinazorudishwa na kuandikwa upya, na kutafuta ufadhili kila baada ya miaka michache. Kwa mtoto wa Kigiriama kuna sehemu isiyotajwa kwenye wasifu. Siku anapopata mshahara wa kwanza, anakuwa bima ya afya ya mudzi wake. Simu za usiku zinaanza. Mchana anapima mzigo wa gharama za familia za wengine. Jioni anaulipa wa kwao kwa M-Pesa.

Je, utafiti umebadilisha nini? Kwanza, duka. Mwaka 1999 Vicki Marsh na wenzake walionyesha kwamba wenye maduka wa Kilifi wakifunzwa, dozi kamili ya dawa ya malaria kwa mtoto mwenye homa ilipanda kutoka karibu asilimia 4 hadi karibu 65. Walikubali mama anakokwenda kwanza, wakaanzia hapo. Pili, ada. Serikali ililipisha wagonjwa kuanzia Desemba 1989, ikasimamisha 1990, ikarudisha baada ya muda mfupi. Mwaka 2004 ikapunguza hadi shilingi 10 kwa zahanati na 20 kwa kituo cha afya, na Chuma na wenzake wakaonyesha kwamba vituo vingi viliendelea kutoza zaidi. Juni 2013 ada hizo zikafutwa. Tatu, fedha za zahanati: mpango wa kuzituma moja kwa moja kwenye vituo, zikisimamiwa na kamati za wananchi, ulijaribiwa kwanza katika Mkoa wa Pwani kabla ya kuenea nchini 2010.

Hata huduma ikiwa bure, nauli hailali. Barasa na wenzake, kwa takwimu za 2013, walikadiria kwamba malipo ya matibabu huwatumbukiza katika umaskini Wakenya zaidi ya 450,000 kwa mwaka, na nauli ikihesabiwa idadi inapita 600,000. Mwenye mgonjwa Uyombo, anayekodi bodaboda hadi lami na kungoja matatu ya Kilifi, haoni ajabu yoyote katika takwimu hizo.

Tangu Oktoba 2024, SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya ya taifa, imechukua nafasi ya NHIF, bima ya hospitali iliyodumu tangu 1966. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara huulizwa kuhusu paa lake, choo chake na maji yake, kisha hupangiwa kiwango kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi, na mpango ulimtaka alipe ya mwaka mzima kwa mkupuo. Hapa ndipo mila zingesaidia. Mvuvi hana mwezi, ana misimu: wakati wa kusi bahari inachafuka na mfuko unakauka, na kaskazi ikirudi fedha huonekana. Mgema hupata kidogo kila siku pale mangwe, penye kuuzwa tembo. Mkorosho hulipa mara moja kwa mwaka. Na fomu inayohesabu paa moja humwona mwana mwenye nyumba ya mabati kuwa na uwezo, ilhali mabati yalinunuliwa na kaka aliye Mombasa na mbuzi wote ni wa mzee.

Hanga limeonyesha kwamba watu wa Matsangoni wanaweza kuchangiana bila kusukumwa, mradi daftari liko wazi, jina la kila mmoja linasomwa na mchango unadaiwa kwa msimu wake. Bima ya taifa ikikusanywa hivyo, baada ya korosho na wakati wa kaskazi, kupitia vyama vinavyoaminika, itakuta njia imeshalimwa. Mchumi wa afya aliyelelewa katika mudzi ndiye wa kuipeleka hoja hiyo Nairobi pamoja na takwimu zake, kwa kuwa anajua fedha ya mgonjwa inatoka kwa nani, na kwa nini fedha ya marehemu hutoka upesi zaidi.