Yusuf Kaaga, Yasmin Kabisha Hodi

Wiki hii nimekifunga kitabu kimoja na kukifungua kingine, na vijana wawili wamekutana nyumbani kwangu kana kwamba walipanga.

Nilichomaliza ni Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka mwaka 1994. Ida Hadjivayanis akaitafsiri, na Mkuki na Nyota wakaichapisha mwaka 2022. Niliwahi kuisoma kwa Kiingereza, nikaipenda. Safari hii imeniuma.

Yusuf ana miaka 12. Kila tajiri Aziz akija kwao, humwachia sarafu ya anna kumi, na mtoto huingoja ziara kwa hamu. Siku moja anapandishwa garimoshi afuatane na mgeni huyo anayedhani ni ami yake. Kumbe baba anadaiwa, na mtoto ndiye dhamana. Kiswahili kina neno lake: rehani. Pwani tunaweka rehani dhahabu, nyumba, shamba. Neno hilo hilo lilipomwangukia mtoto, niliweka kitabu chini, kisha nikarudi kurasa za mwanzo kuitazama tena ile sarafu. Haikuwa zawadi tena machoni pangu.

Nilichoanza ni Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1999. Wengi tumeijua kwa filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021. Nakala yangu ni ya mitumba. Aliyekuwa nayo kabla yangu alipiga mistari ya penseli katika sura ya kwanza, kisha akaacha. Nadhani hadithi ilimchukua, kama inavyonichukua mimi. Yasmin, binti mdogo wa Kihindi, ameozwa kwa Raza, mwenye duka aliyemzidi umri mno. Nimefika pale anapomkimbia mumewe na kurudi Unguja.

Wote wawili waliamuliwa na wakubwa, wala hakuna aliyewauliza. Ila Yusuf alitii, Yasmin amekataa. Ujasiri wa Yasmin ndio ulionisikizisha kimya cha Yusuf; nilipokuwa naye peke yake nilikiona ni adabu ya mtoto mwema.

Ndiyo maana sikirudishi Peponi rafuni. Kiko mezani, kando ya kitanda. Yasmin kila akibisha mlango mpya usiku, namwona Yusuf kwenye garimoshi, ameikamata sarafu yake, hajui bado kwamba ameshahesabiwa.