Mbunge wetu akiwa waziri, nani anatuulizia?

Kila Baraza la Mawaziri linapotangazwa na jina la mtu wa kwetu likasikika, makundi ya WhatsApp ya wana Kagera tulio nje hujaa pongezi hadi usiku wa manane. Hongera Mheshimiwa, hongera Muleba, Bukoba oyee. Watani zetu hutuita nshomile, yaani waliosoma, na siku hiyo hata sisi tunalipokea jina kwa mikono miwili. Zikipita wiki mbili, kundi lilelile linarudia manung'uniko yake ya siku zote: barabara, maji, kivuko cha visiwani, bei ya kahawa, uwanja wa ndege. Kisha mmoja anadakia: mbona mbunge wetu hasikiki bungeni?

Hasikiki kwa sababu ameshakuwa waziri, na waziri hamuulizi waziri mwenzake. Jambo hili halijaandikwa kwenye mabango ya kampeni, na wapiga kura wengi hawajawahi kuelezwa, lakini ndilo linaloeleza kwa nini maswali ya Bukoba na Muleba yamekuwa yakipotelea njiani kwa miaka mingi.

Tuanze na Katiba. Ibara ya 63 inalipa Bunge mamlaka ya kumuuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Ibara ya 53 inawafunga mawaziri wote, chini ya Waziri Mkuu, wawajibike kwa pamoja mbele ya Bunge hilohilo. Kwa hiyo mbunge akiteuliwa kuwa waziri au naibu waziri anahama upande. Jana alikuwa miongoni mwa wanaouliza, leo yuko miongoni mwa wanaoulizwa, na barabara mbovu ya jimbo lake ni barabara ya Serikali yake. Akisimama kuilalamikia, anajilalamikia.

Utaratibu huu wa waziri kuwa mbunge tuliurithi kwa Waingereza. Uganda nao mawaziri wengi ni wabunge, kama kwetu. Kenya waliachana nao kwa Katiba ya 2010: waziri wao si mbunge. Lakini wao wakapata tatizo la upande wa pili, wabunge wakawa wanauliza bila mtu wa kujibu ukumbini, mpaka 2023 Bunge la Taifa la Nairobi lilipoanza kuwaita mawaziri waje kujibu wenyewe.

Sasa tazama kwetu. Balozi Khamis Kagasheki, mbunge wa Bukoba Mjini kuanzia 2005, alikuwa naibu waziri kwa miaka kadhaa, kisha Mei 2012 akawa Waziri wa Maliasili na Utalii. Profesa Anna Tibaijuka aliingia bungeni kwa Muleba Kusini mwaka 2010 akitokea UN-Habitat, na mwaka huohuo akapewa Wizara ya Ardhi. Charles Mwijage wa Muleba Kaskazini akawa naibu waziri mwanzoni mwa 2015, na mwishoni mwa mwaka huo akapewa Viwanda, Biashara na Uwekezaji hadi Novemba 2018. Stephen Byabato, aliyeshinda Bukoba Mjini mwaka 2020, hakuchelewa hata kidogo: Desemba ya mwaka huohuo alikuwa Naibu Waziri wa Nishati. Mwaka 2013 majimbo manne ya Bukoba na Muleba yalikuwa na mawaziri kamili wawili. Maana yake, nusu ya midomo yetu ilikuwa imefungwa, na sisi tulikuwa tunapiga vigelegele.

Unapotaka kujua kilichokuwa kinakosekana, itazame saa ya maswali yenyewe. Kikao kinaanza saa tatu asubuhi Dodoma, dua inasomwa, kisha maswali. Mbunge anayetajwa anasimama na kuomba swali lake lijibiwe. Maandishi alishayapeleka kwa Katibu wa Bunge muda mrefu nyuma, na mara nyingi yameandikwa kwa mtindo uleule: je, ni lini Serikali itajenga, je, Serikali ina mpango gani. Naibu waziri anasoma karatasi. Hapo ndipo mchezo unapoanza, kwa sababu mwenye swali anaruhusiwa maswali ya nyongeza, na haya waziri hakuyaona kabla. "Pamoja na majibu mazuri ya Mheshimiwa Naibu Waziri," mbunge ataanza, na ukisikia sifa hizo ujue jibu halikumridhisha hata chembe. Atauliza kwa nini ahadi ileile ilitolewa miaka mitatu iliyopita. Ataomba naibu waziri aongozane naye hadi jimboni akajionee. Wakati mwingine Spika mwenyewe anaingilia kati na kumtaka waziri ajibu vizuri zaidi. Alhamisi kuna nusu saa ya maswali kwa Waziri Mkuu, utaratibu ulioletwa enzi za Spika Samuel Sitta, ila haya ni ya sera, si ya daraja la kijijini kwenu.

Kuna kichekesho humu ambacho wengi hawakijui. Jibu analosoma naibu waziri wa TAMISEMI, wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, kuhusu zahanati ya Muleba halikutungwa Dodoma. Wizara inaandikia mkoa, mkoa unaandikia halmashauri, na ofisi ya mkurugenzi pale Muleba mjini ndiyo inayotoa takwimu: boma limefika kwenye lenta, fedha zimeombwa, watumishi wako wangapi. Jibu linapanda hadi Dodoma, linasomwa kwa "Mheshimiwa Spika", kisha linarudi Muleba kwa njia ya redio. Mwananchi angeweza kuvuka barabara tu na kuuliza. Ila akivuka barabara huenda ataambiwa mkurugenzi yuko kwenye kikao. Swali likitoka bungeni, mkurugenzi hana budi kuandika.

Na likishaandikwa, linabaki. Hiyo ndiyo faida kubwa ya swali la bungeni kuliko ahadi ya jukwaani: linaingia kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, na Hansard za miaka mingi zimewekwa kwenye tovuti ya Bunge, kwa Kiswahili, bure. Mtu aliye Minneapolis anaweza kutafuta neno "Kajunguti" na kusoma jinsi wabunge wa mkoa wetu walivyouliza kuhusu uwanja wa ndege uliopangwa kujengwa kule Missenyi, nani alijibu, na alijibu nini. Ukisoma majibu kwa mfululizo utaona yanavyopita kwenye vituo vilevile: upembuzi yakinifu, usanifu wa kina, fidia, kutafuta fedha. Mradi unaosogea hubadilisha kituo mwaka hadi mwaka. Uliokwama hurudia kituo kilekile.

Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilianguka ziwani ikikaribia kutua Bukoba, na kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki. Sote tuliulizana maswali yaleyale, kuhusu uwanja, kuhusu boti za uokoaji, kuhusu wavuvi waliofika kabla ya vikosi. Mbunge wa mji huo wakati huo alikuwa naibu waziri. Hata kama moyo ulimuwasha, kanuni na desturi hazikumruhusu kusimama kama mbunge wa kawaida na kumbana mwenzake wa uchukuzi. Ilibidi wengine wamsemee.

Tusiwe wachoyo wa shukrani: mbunge waziri ana njia zake. Anagonga mlango wa waziri mwenzake, anapiga simu, anakutana na katibu mkuu kwenye korido, na miradi mingine hufika jimboni hivyo. Sina ugomvi na hilo. Tatizo ni kwamba simu haina Hansard. Likishindikana, hakuna pa kushikia.

Kisa kinachonifundisha zaidi ni mgogoro wa Manispaa ya Bukoba. Mbunge alikuwa Kagasheki, meya alikuwa Anatory Amani, wote wa CCM. Waligombana juu ya miradi, na mkubwa kati yake ulikuwa ujenzi wa soko kuu, ambao wafanyabiashara walihofia ungewatoa kwenye vizimba vyao bila pa kwenda. Palikuwa pia na mradi wa viwanja. Wananchi waliuliza: mkataba umesainiwa na nani, fedha zimekopwa wapi, tutahamishiwa wapi? Maswali halali kabisa. Sasa mbunge wao angeyapeleka wapi? TAMISEMI ya wakati ule ilikuwa chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Waziri wa Maliasili kumhoji Waziri Mkuu mbele ya Bunge juu ya soko la Bukoba ni jambo lisilowezekana. Ugomvi ukahamia kwenye mikutano ya hadhara na kwenye baraza la madiwani, ambako mbunge ni mjumbe, nalo likagawanyika mapande mawili. Agosti 2013 CCM mkoa ikawafukuza madiwani wake wanane. Chama taifa kikatengua.

Tarehe 20 Desemba 2013, kwa sababu nyingine kabisa, ile ya Operesheni Tokomeza dhidi ya ujangili, Kagasheki alitangaza kujiuzulu uwaziri ndani ya Bunge. Mwezi uliofuata ripoti ya ukaguzi maalumu ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG), enzi za Ludovick Utouh, ikasomwa Bukoba na kuonyesha kasoro katika miradi iliyolalamikiwa, na meya akatangaza kuachia ngazi. Maswali ya wafanyabiashara wa sokoni hatimaye yalijibiwa na mkaguzi, kwa kurasa na tarakimu. Bungeni hayakujibiwa, na mkutanoni hayakujibiwa.

Tibaijuka naye alipoondolewa Wizara ya Ardhi Desemba 2014, wakati wa sakata la fedha za akaunti ya Escrow, alirudi viti vya nyuma na kukaa huko hadi alipostaafu ubunge 2020. Wengi waliona amepungukiwa. Kwa upande wa maswali, Muleba Kusini ilikuwa imepata tena mtu wa kuuliza. Mwijage alipokuwa waziri alisikika sana, lakini kama mjibuji: nani amesahau vyerehani vinne kuhesabiwa kuwa kiwanda? Aliposhuka 2018 akawa tena mbunge wa Muleba Kaskazini na kazi yake ya awali.

Wakati wote huo, waliojaza pengo walikuwa watu tusiowataja kwenye pongezi zetu: Jason Rweikiza wa Bukoba Vijijini, ambaye hakuwa waziri, na wabunge wa viti maalumu kama Bernadeta Mushashu wa CCM na Conchesta Rwamlaza wa Chadema. Mbunge wa viti maalumu hana jimbo, kwa hiyo watu humwona kama wa ziada. Lakini Ibara ya 63 haimfungi mbunge kuuliza ya jimbo lake peke yake. Yeyote anaweza kuuliza kuhusu kivuko cha Bumbire au Goziba. Kama mbunge wako ni waziri, andika kwa wa viti maalumu, au kwa jirani. Ndiyo njia iliyo wazi, na haitumiki vya kutosha.

Nisikupe matumaini ya bure lakini. Kuwa na muulizaji si kuwa na jibu. Tetemeko la 10 Septemba 2016 liliua watu wasiopungua 17 na kubomoa maelfu ya nyumba, na Bukoba Mjini ilikuwa na Wilfred Lwakatare wa Chadema, asiyebanwa na Baraza lolote la Mawaziri. Sisi wa nje tulichanga, na swali lilikuwa moja: michango itawafikiaje waliobomokewa? Jibu lililobaki vichwani mwa watu lilitolewa Bukoba, na Rais Magufuli, mwanzoni mwa Januari 2017: Serikali haikuleta tetemeko, haitamjengea kila mtu nyumba, na fedha zitakwenda kwenye taasisi za umma. Shule ya sekondari ya Ihungo ikajengwa upya, na imependeza. Aliyekuwa analala chini ya turubai Kashai alikuwa amejibiwa pia, kwa namna yake.

Na sisi tulio huku tuna mahali gani kwenye mnyororo huu? Padogo. Kura hatupigi tukiwa nje. Mwanzoni mwa 2025 Bunge lilipitisha marekebisho yanayohusu hadhi maalumu kwa Watanzania wa asili wenye uraia wa nchi nyingine, lakini hayo yaligusa uhamiaji na ardhi, hayakugusa haki ya kuuliza. Ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayomruhusu mtu kuiandikia ofisi ya umma, tuseme TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, au halmashauri, na kutaka taarifa iliyo mikononi mwake. Ofisi ina siku 30 za kujibu. Ni chombo kizuri kuliko ujumbe wa sauti wa dakika tano kwenye kundi. Ila sheria hiyo inamtambua raia wa Tanzania tu. Ukishachukua pasipoti ya Sweden au Marekani, barua yako haina nguvu hata kama shamba la babako liko palepale Kamachumu. Andika maswali vizuri, yawe mafupi na yataje mradi na mwaka wa bajeti, kisha mtumie ndugu yako aliyebaki nyumbani mwenye kitambulisho cha NIDA. Yeye ndiye atakayeweka saini na kudai nakala yenye muhuri wa kupokelewa.